Betri ya trekta ilivyotuponza Matandu (kwa mnaonunua trekta za bustani za umeme)

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu sidhani kama mpo wengi. Haya niliyaona, na mabaya yake niliyafanya mwenyewe.

Nasoma mnavyoulizana chaji ya trekta za umeme za bustani idumuje. Mjukuu wangu kanunua moja hapa Kilwa. Utaalamu wake sina. Ila betri imeshanifunza.

Enzi za ujamaa nilikuwa dereva wa trekta la kijiji chetu, upande wa Njinjo. Lilikuwa la dizeli, betri imechoka. Kwa hiyo liliegeshwa mteremkoni, stata ikigoma linasukumwa.

Siku ya kubeba mpunga wa kijiji kutoka bonde la Matandu, niliegesha trekta na tela lake tambarare kabisa, karibu na magunia. Mawe ya redio, yaani betri zake ndogo, yalikuwa yameadimika dukani, nikaunga redio kwenye betri ya trekta tusikilize mpira.

Bi Somoe, kiongozi wa wavunaji, akanitania: "We dereva, hiyo redio inakula nini? Mbona ina nguvu kuliko sisi?"

"Inakula upepo, bibi."

Watu wakacheka.

Tela lilipojaa nikapiga stata. Tik. Kimya.

Tukasukuma, tope likashika magurudumu. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, mto ukaanza kupanda.

"Acheni chuma! Shusheni magunia!" Bi Somoe alipiga kelele.

"Bado kidogo, sukumeni!" nikasema.

Nilikuwa msomi wa sekondari. Wakanisikiliza mimi.

Maji yalipofika kiunoni tukakimbia. Tela likaenda na mpunga wote.

Mwaka ule wa njaa tulichimba ming'oko, mizizi ya porini, mpaka ikaisha. Binti mdogo wa Bi Somoe hakufika mavuno mengine. Mazikoni mama yule aliniona nimesimama mbali, akaniambia, "Njoo kivulini, dereva, jua kali."

Basi, wenye trekta za umeme: kazi nzito ifanyeni chaji ikiwa imejaa. Noeni visu vya kukatia nyasi, jazeni upepo matairi, zimeni taa na redio. Ikibaki robo, geuzeni. Chaji ya kurudi si ya kufanyia kazi. Na likigoma, okoeni kwanza kilichobebwa.

Bi Somoe ameshatangulia mbele ya haki. Kumwomba radhi nilikuwa naahirisha kila mwaka.

Wenye uzoefu ongezeni. Na kama humu yupo mtu wa kijiji kile, anisahihishe nilipojipunguzia kosa.