Cadette Aliyebaki kwa Sababu ya Dawa

Fomu ya kwanza ilimkwamisha kwenye kisanduku kimoja tu. Cadette alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ametoka kumaliza gredi ya kumi na mbili katikati ya watoto wa miaka kumi na saba, na kwenye kemia hakuna aliyemfikia. Alishuka kutoka Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi nchini Zambia alikoishi na wazazi wake tangu walipokimbia kutoka Pweto, Kongo, akaenda duka la intaneti la Kashikishi kuomba nafasi katika shule ya famasia ya chuo kikuu. Alijaza jina, matokeo, kanisa, kila kitu. Kisha akafika penye namba ya kitambulisho cha uraia. Namba ya cheti chake cha ukimbizi ilikuwa na herufi ndani, na kisanduku kilikubali tarakimu peke yake. Alijaribu hivi, akajaribu vile, mpaka mwenye duka akamwomba apishe wengine.

Mwaka ule aliumalizia sokoni Mantapala, akiuza sabuni na chumvi pamoja na baba yake, Octave. Hakuwaambia wateja kwamba aliwahi kuomba chuo.

Aliyemrudisha kwenye safari ya masomo alikuwa mwalimu wake wa kemia, Ba Chalwe, Mzambia mpole wa Puta, aliyekuwa akichanganya Kibemba na Kiswahili chake cha sokoni. Alimkuta pale mezani, akashika mche wa sabuni kana kwamba anataka kununua.

"Cadette, ile masomo ulitupa?"

"Sikutupa, Ba Chalwe. Mashini njo ilinikatala."

"Basi tutaacha mashini. Andika barua. Na miye nitaandika yangu."

Waliziandika barua zote mbili siku hiyo hiyo, zikapelekwa posta. Jibu lilichukua wiki saba. Amepokewa. Kanisa lao likakubali kumlipia.

Famasia ilikuwa miaka mitano, na katika miaka hiyo Cadette alizoea kunyamaza. Wenzake darasani walikuwa wadogo, wakimwita mama kwa heshima, na heshima hiyo iliwaweka mbali naye. Wakitoka kula walikwenda kwa makundi. Yeye walimuaga kwa adabu. Hakuna aliyemkosea. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye Kiswahili, na kuna wiki alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe akiomba kabla ya kula. Siku ya kwanza ya mazoezi ya kuhesabu vidonge, akivisukuma kwa kisu butu kwenye sahani, tano tano, alijikuta akihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili: tano, kumi, kumi na tano. Meza nzima ikageuka. Tangu hapo alihesabu moyoni.

Alikuwa anaingia mwaka wa tano baba yake alipopiga simu.

"Cadette, bantu ba biro balituita. Tunaenda Kanada. Sisi wote, mu faili moja tu. Ukuje."

Cadette alikaa kwenye ngazi za maktaba. Familia yao ilikuwa imengojea mwito huo wa ofisi ya wakimbizi miaka mingi kiasi kwamba walikuwa wameacha kuuzungumzia. Alimwuliza afisa wa wakimbizi, akamwuliza na msajili wa chuo. Wote wawili walimweleza kwa upole jambo lile lile kwa pande mbili: akienda, miaka minne aliyosoma huenda isitambuliwe huko na itabidi aanze upya; akibaki, jina lake litatolewa kwenye faili, na hakuna awezaye kumwahidi kwamba litarudishwa siku moja.

Alifikiri siku tisa. Kisha akampigia baba.

"Papa, miye nitabakia. Nimalize kwanza."

"Utabakia na nani?"

Octave akakata simu, na kwa mwezi mzima kila Cadette alipopiga, ilipokelewa na mama yake, Orpha, aliyesema baba yuko shambani.

Wiki ya kuondoka alipanda basi akaenda Mantapala kuwaaga. Alikuta uwanja umejaa vitu vya kugawia majirani. Mama Orpha alitaka kwenda na kinu chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, na mdogo wake Cadette, Sagesse, alikuwa akicheka mpaka machozi. "Mama, kwenye ndege watasema nini?" Walicheka wote, isipokuwa baba. Asubuhi gari lilipokuja, Octave alipanda kati ya wa kwanza. Gari lilipowaka alishuka tena, akamjia binti yake, akamfunga kifungo cha juu cha sweta kama alivyomfungia alipokuwa mtoto. Akarudi kukaa.

Cadette alifagia nyumba, akakabidhi ufunguo biro, kwa kuwa kiwanja kingepewa familia nyingine. Alipofika barabarani akiwa na begi lake ndipo alipong'amua kwamba sasa, mtu akimwuliza kwao ni wapi, atalazimika kufikiri.

Miezi miwili baadaye chuo kilimpeleka kwenye mazoezi hospitalini, na yeye akaomba Nchelenge. Alipanga chumba karibu na ziwa. Kutwa nzima alisimama nyuma ya dirisha la dawa, akieleza kwa Kibemba, na pale alipokuja mwanamke wa Kikongo, kwa Kiswahili. Hao alipenda kuwakawiza kidogo, akawaeleza mara mbili mambo waliyokwisha kuelewa. Jioni alirudi chumbani, akapika ubwali, yaani ugali, wa mtu mmoja.

Jumapili moja saa kumi na moja jioni, huko Kanada ikiwa asubuhi, mama alipiga simu ya picha. Waliongea habari za baridi na za shule ya wadogo. Kisha Sagesse akasema pembeni, "Mama, muonyeshe miguu."

"Haina kitu. Ni hizi viatu za baridi."

"Nionyeshe, Mama," Cadette akasema.

Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, vinang'aa. Cadette aliketi wima. Akamwuliza kama kifua kinabana, kama pumzi inamkatika akilala. Mama alikataa, na Cadette akakumbuka shinikizo lake la damu.

"Dawa ya tensioni unakunywaka gani?"

"Ile ya kwetu, ya Mantapala, na ile mupya dokta wa huku alinipatia. Minakunywaka zote mbili. Kila moja iko na kazi yake."

"Shika ile ya kwetu mbele ya simu. Sawa. Sasa boksi mupya. Geuza. Kuna herufi ndogo chini, leta karibu."

Jina kubwa la mbele lilikuwa geni. Lile dogo la chini lilikuwa lile lile lililoandikwa kwa kalamu kwenye bahasha ya Mantapala. Mama yake alikuwa akimeza dawa moja mara mbili kila siku.

"Mama, sikiliza. Hizi mbili ni dawa moja, majina tu njo yako tofauti. Ya kwetu weka pembeni, usikunywe tena. Bakia na mupya, kimoja tu, vile dokta aliandika. Na kesho Sagesse akupeleke kwake na zote mbili, aone hii miguu. Kifua kikibana, musingoje kesho. Umesikia? Niambie vile utafanya."

Mama akarudia, kama wagonjwa wa dirishani wanavyorudia. Picha ikatikisika, ukatokea uso wa baba, umekonda.

"Njo hii kazi ulibakia kusoma?"

"Ndiyo, Papa."

Octave aliisogeza simu karibu. "Ni muzuri," akasema. "Ni muzuri, lakini uko mbali." Kisha mtandao ukakatika, na ingawa Cadette alipiga tena na tena, haukurudi. Siku ya pili Sagesse aliandika kwamba dokta amethibitisha, na kwa juma moja uvimbe ulipungua.

Cadette alifaulu mwaka ule. Kwenye sherehe kila mhitimu alipewa viti viwili vya wazazi. Vyake aliwapa shangazi wawili wa mwenzake Luse waliokuwa wamesimama. Baada ya mwaka wa kazi chini ya uangalizi aliajiriwa kwenye kliniki ya Mantapala, na sasa anaongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka kufunga.

Jumamosi hushuka Kashikishi kununua chisense. Samaki hao wadogo huuzwa kwa mafungu, na fungu ni kubwa kwa mtu mmoja. Siku moja muuzaji, mama wa Kibemba, alimwona akilipima kwa macho.

"Nyumbani muko wangapi, mwana?"

"Tuko bengi," Cadette akasema, kana kwamba wengi wangali nyumbani, akalichukua fungu lote.

Alasiri ile aliwaanika samaki kwenye bati mbele ya nyumba, akakaa kando yao akifukuza nzi mpaka jua likapoa.