Gari Kichwa Wazi

Mpaka leo, nikipata harufu ya ngozi iliyolowa maji, roho inanichafuka. Viatu vya wanangu vilipokuwa vikinyeshewa, nilivitupa nje ya mlango vikaukie huko huko, nao wamekua wakidhani mama yao ana wazimu kidogo. Sikuwahi kuwaeleza.

Nilipoolewa mara ya kwanza nilikuwa msichana wa Msimbati, na mwanamume aliyenioa alikuwa karani mjini Mtwara. Alikuwa na gari la spoti, jekundu, la chini chini, alilolinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Halikuwa na paa. Yaani paa lilikuwepo, la turubai, la kukunja, lakini alilivua akaliacha chumbani kwake, kwa sababu likikaa pale nyuma, alisema, linaharibu umbo la gari. Watu wa kijijini kwetu walilitazama, wakalipa jina siku ile ile: kichwa wazi. Ndivyo tulivyomsema mwanamke anayetoka nje bila kujitanda. Fulani siku hizi anatembea kichwa wazi, na kila aliyesikia alijua kwamba hasifiwi.

Bibi yangu mzaa baba, ambaye kauli yake nyumbani ndiyo iliyokuwa ya mwisho, hakulipenda. Kwetu bibi harusi akitolewa hufunikwa gubigubi, haonekani hata ukucha, mpaka afike kwa mumewe. Utamfunikaje mtu ndani ya kitu ambacho chenyewe hakijafunikwa? Lakini bwana harusi alishikilia. Alitaka watu waone. Waone nini, mimi au gari, sikuuliza, na nilikuwa mjinga wa kutosha kudhani ni mimi.

Ndoa ikafungwa mchana. Nikafunikwa doti nzima ya kanga mpya, nikaingizwa garini. Somo yangu, mwanamke mtu mzima aliyenifunda unyagoni, alibanwa kwenye kibenchi cha nyuma pamoja na furushi la nguo zangu. Chini ya zile kanga kulikuwa na joto, jasho, liwa ya kunukia niliyosingwa mwilini, na mafuta ya nywele ya mume wangu, ya kopo, matamu kupita kiasi, yaliyokuwa yakimchuruzika shingoni kwa jua. Nilimchungulia kwenye upenyo. Alifuta pua kwa leso, kisha akaifuta dashibodi kwa leso ile ile, akairudisha mfukoni. Nikajiambia mume ni mume.

Tulikuwa tumeshapita Madimba mvua ilipokuja. Mvua za mwanzo huku kwetu hazibishi hodi. Upepo ulipiga kutoka baharini, mikorosho ikainama, vumbi likanijaa mdomoni, na kabla sijalitema maji yalikuwa yanamwagika. Mume wangu akasimamisha gari mbele ya nyumba moja ya udongo iliyokuwa kando ya njia. Nilimshukuru moyoni. Nilidhani anatupeleka barazani.

Alizunguka upande wangu, akafungua mlango, akaniambia nishuke. Nikashuka. Akamwambia somo naye ashuke. Kisha akanivua kanga kichwani, ya kwanza na ya pili, akazitandaza juu ya viti, akazichomeka pembeni taratibu kama mama anayemfunika mtoto mchanga.

"Bwana," somo alimwambia, "huyo ni mwali."

"Naona, mama. Lakini hii ni ngozi. Viti vikilowa vimekufa. Nyinyi mtakauka."

Nilisimama barabarani kichwa wazi, wenye nyumba wakitutazama. Wanja ulinishuka mpaka mdomoni. Liwa iligeuka tope shingoni. Yeye alikuwa ameinama juu ya viti vyake, yale mafuta ya nywele yakimshuka usoni kwa povu jeupe, na kila yalipofika kwenye midomo aliyalamba na kuendelea kuchomeka. Hapo ndipo kinyaa kiliponishika. Hasira ningeweza kuishi nayo, wake wengi wanaishi nayo. Nilifikiria kwamba mikono ile ndiyo itakayonigusa, nikatapika pilau ya harusi yangu pale pale. Aliniambia nisogee mbali na tairi.

Mwanamke wa ile nyumba, ambaye watu wake walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, alikuja na kanga yake kuukuu akanitupia kichwani. Alimwambia somo maneno kwa Kimakonde, somo akaguna, tukaingia ndani. Mume wangu alibaki nje analinda viti. Mvua ilipokatika alipiga honi.

"Unakwenda?" somo aliniuliza.

"Siendi."

Alipiga honi mpaka akachoka, akaondoka na kanga zangu. Sisi tukarudi Msimbati kwa miguu.

Baba alinipokea kwa ukali, na sikumlaumu. Mwali akirudi siku ya harusi, watu hawaulizi habari za mvua. Watasema mume amemrudisha kwa sababu hakumkuta bikira, na maneno hayo yatamfuata mpaka kaburini. Baba alisema asubuhi atanipeleka mjini mwenyewe, kwa mkono wake. Nililia nikamwambia heri wanizike. Bibi alimwambia asubiri, bwana atakuja mwenyewe, na kabla ya hapo nisipelekwe popote.

Akaja kweli, siku ya pili, juani, nywele zinang'aa upya. Kwapani alikuwa na kanga zangu, hazikufuliwa, zimeingia rangi nyekundu ya vile viti, na uvundo wa ngozi ulinifikia nyuma ya mlango nilipokuwa nimesimama. Barazani walikuwepo baba, somo, na majirani waliokuja kusikiliza kwa nini mwali amerudi. Bibi alimkaribisha vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za mjini?"

"Nzuri, bibi."

"Wazee hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na viti havijambo?"

"Havijambo, bibi," alijibu, tena kwa furaha ya kuulizwa. "Havikuharibika hata kidogo."

Hakuna aliyecheka. Baba aliinamisha kichwa. Bibi alizipokea zile kanga kwa ncha za vidole, akaziweka chini, mbali na miguu yake.

"Kamwite shehe," alimwambia baba. "Huyu bwana ana mke tayari, na hajambo."