Redio ya Kumi na Tisa

Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, fundi wa redio wa kikosi cha uokoaji aliandika kwenye daftari la karakana: "Redio 18 zimebadilishwa masafa. Bado 1." Hiyo moja ilikuwa kiunoni mwa shemeji yake, aliyepanda mlimani alfajiri kukagua kamba za njia ya juu.

Wenzake humwita Waya, kwa wembamba wake. Kwa miaka ishirini na mbili amewafundisha waokoaji jambo ambalo wageni huliona gumu: namba iliyo kwenye kitufe si kitu. Redio mbili zinaweza zote kuonyesha chaneli ya tano na zisisikilizane kamwe, kwa sababu masafa yaliyowekwa ndani ni tofauti. Tano ya zamani ilikuwa imeshakabidhiwa malori ya machimbo ya kokoto. Waya alijua. Alijiambia kwamba shemeji akishuka jioni atamwekea mpya.

Hakushuka.

Siku nzima ya Jumatano vikosi vilimwita kwenye tano mpya. Waya, katika chumba cha mawasiliano, akafungua redio ya pili kwenye tano ya zamani. Haikutoa ila sauti za madereva wa malori.

"We Kobe, umefika mizani?"

"Zamani. Nakusubiri wewe uamke."

Mdogo wake Waya, mke wa shemeji huyo, alikuwa ameketi kando yake tangu asubuhi bila kuvua koti.

"Kaka, mbona hawa wanacheka?"

"Si wetu hao."

Alhamisi asubuhi Waya alikwenda machimboni. Msimamizi wa malori, mtu mpole, alimvutia kiti.

"Juzi mchana kulikuwa na mtu," alisema. "Sauti inakatika. Mara mguu, mara korongo. Nikadhani ni mazoezi yenu ya kila mwezi. Nikamwambia, ndugu, hii chaneli ni ya kazi, tafuta yenu."

"Akasemaje?"

"Akaomba radhi, akatoka. Mstaarabu sana. Hakurudi."

"Korongo gani?"

"Sikumbuki. Kwani yako mangapi?"

"Arobaini na moja," alisema Waya.

Ukiambiwa umeingia chaneli ya watu, omba radhi, toka, usirudi. Kila mwanafunzi wake hulikariri hilo siku ya kwanza, na asiyelikariri hapewi redio. Shemeji alikuwa akiwasimamia wengine wakilikariri.

Aliporudi, mdogo wake alimtazama mikono kabla ya uso.

"Wamemsikia?"

"Juzi. Mchana."

"Betri yake inakaa muda gani?"

"Saa kumi na nne."

Mdogo wake alihesabu kwa vidole, akafika usiku wa Jumanne, akaacha.

"Mwite hivyo hivyo, kaka."

Waya alichukua redio ya pili, akaita mara tatu kama inavyotakiwa, akaachia kitufe. Sauti ya dereva ikajibu, "Mzee, hii ni ya malori. Toka."

Hakuomba radhi. Aliita tena. Madereva wakanyamaza, mmoja mmoja, na chaneli ikabaki na mkwaruzo wake tu.

Mkuu wa kikosi ameshatia saini. Kesho, Ijumaa, saa sita mchana, msako utafungwa na vikosi vitashuka.