Picha ya Chirau na Pakacha la Mlangoni

Hadithi hii hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Wako watu wa Gazi walioiona kwa macho yao na mpaka leo hawaiamini. Chirau mwenyewe yu hai, ameketi hapa kando yangu nikiandika, anatafuna tambuu, na amekwisha kuniapia kwamba nikitia chumvi atanikata kauli. Haya, na atafune.

Mwaka ule wa uhuru Chirau alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja wa Kiholanzi pale Diani, jina lake Hannah. Alikuwa kijana mzuri, hilo halina ubishi. Taabu ni kwamba alijijua. Kanzu yake aliipiga pasi ya makaa mbele na nyuma, kisha akasimama mchana kutwa isije ikapata mkunjo. Kwao Gazi walimwita Chirau Kioo, maana hakuweza kupita dirisha la duka asilisimamie.

Memsahibu Hannah alikuwa mchoraji. Alikuwa na kitabu kinene cha picha za zamani za kwao: wanawake wanaofunga utepe mbele ya kioo, vijana wanaoinua bilauri, na kila mara kando yao pana mshumaa unaokwisha, ua linalonyauka, ndimu iliyomenywa nusu. Siku moja akamwambia Chirau akae mbele ya kioo na kofia yake ya viua, amchore vivyo hivyo. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kabla rangi haijakauka alikwisha kuwatangazia watu wa Ukunda na Gazi kwamba anachorwa kama sultani, na siku ya kuonyeshwa waje wote.

Basi kukawa na vita kidogo, maana Chirau kazi ya nyumba ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Kila asubuhi, kabla ya kuketi, alitupa asumini zilizonyauka akatia mbichi. Kipande cha mshumaa alikitoa akaweka mshumaa mzima. Ndimu aliimaliza kuimenya, akaikata vipande, akavipanga kwenye sahani. Memsahibu akija anashika kichwa.

"Chirau, nilitaka ua lililochoka."

"Nyumba hii haijapata kuwa na ua lililochoka tangu nije, memsahibu."

"Ndiyo picha yenyewe. Uzuri unapita."

"Basi upite kesho. Leo nimekwisha kuvaa."

Wakaendelea hivyo, huyu ananyausha, huyu anastawisha, mpaka asubuhi moja alipotokea mtu kwenye mlango wa uani. Chirau alimwona ndani ya kioo kabla hajageuka. Alikuwa mamake, Bi Mwanapili, katoka Gazi, pakacha la mihogo kichwani, leso imepauka, miguuni matope ya mikoko yamekaukia. Zamani mama huyu alikuwa akitajwa kwa uzuri kutoka Gazi hadi Msambweni. Sura ile aliyokuwa akiitazama Chirau kiooni, mwenye sura hiyo hasa, aliyemrithisha, alikuwa yule pale mlangoni.

"Nani yule?" akauliza memsahibu.

Chirau akatazama kofia yake kiooni, akatazama yale matope. Ulimi ukamtangulia.

"Mchuuzi wa mihogo tu, memsahibu."

Hakumwamkia. Hata mchuuzi, akiwa mtu mzima, hupewa shikamoo yake. Bi Mwanapili akaiweka mihogo yake chini, akaondoka. Kama alisikia au hakusikia, Chirau hakujua, na kutojua huko kukaanza kumla. Usiku anajigeuza kitandani. Asubuhi anajitazama kiooni, na anachotazama ni mlango ulio nyuma yake.

Siku chache baadaye akiwa anafuta vumbi, akaiona picha. Yeye yuko mbele, kofia imekaa sawasawa. Nyuma yake, mlangoni, memsahibu amemchora mwanamke mzee na pakacha, anamtazama kijana anayejitazama.

"Memsahibu, huyu mchuuzi anaharibu picha. Mfute."

"Bila yeye, Chirau, wewe ni mtu anayetaka kunyoa ndevu tu."

Na watu alikwisha kuwaalika. Alituma salamu Gazi kwamba mama asijisumbue, njia ni ndefu, jua kali. Unamwambia mama asiende kumwona mwanawe anayesifiwa? Hata mimi niliyeishia darasa la nne nisingejaribu.

Memsahibu alikuwa afunge mizigo baada ya bendera kupandishwa, kwa hiyo siku ya picha ikawa ndiyo ya kuagana. Chai ilimiminwa, mahamri yakapita. Chirau akachukua chombo kikubwa cha maua, akakisimamisha mbele ya picha, upande wa mlango. Memsahibu akakiondoa. Chirau akakirudisha. Memsahibu akakiondoa tena, safari hii akakishika mwenyewe mkononi.

Bi Mwanapili akaingia na mpwa wake Chome, leso mpya, miguu imesuguliwa ikang'aa, pakacha lake mkononi. Chome huyu hana breki ya mdomo. Aliitazama picha akacheka.

"Chirau, kumbe umechorwa pamoja na shangazi! Mbona hukutuambia?"

"Siye," akasema memsahibu kwa upole, hana habari. "Huyu ni mchuuzi wa mihogo. Chirau ndiye aliyeniambia."

Watu wa Gazi wakamgeukia Chirau, Chirau akaigeukia picha, na kwenye picha hapakuwa pa kujificha. Mwenye kuokoa jahazi alikuwa Bi Mwanapili, na ndilo jambo lililomuumiza zaidi.

"Memsahibu asema kweli," akasema. "Mimi nauza mihogo." Akaimwaga mihogo yake taratibu juu ya meza ya chai, akalichukua pakacha tupu. "Mihogo yako hiyo, bwana."

Bwana. Mamake mwenyewe. Akatoka.

Chirau akamkimbilia na kanzu yake, kofia ikaanguka mlangoni asiiokote. Akamkuta kwenye njia ya mchanga inayotoka kwenda Ukunda, akampita, akapiga magoti mbele yake pale pale kwenye vumbi, kanzu ile ya pasi mbili.

"Shikamoo, mama."

Na hapo, wasomaji wangu, watu walikuwa wamejipanga njia nzima kama siku ya bendera, basi la Likoni limesimama, dereva kashuka kavua kofia, na Bi Mwanapili akamshika mwanawe kichwani, akaitika marahaba kwa sauti iliyosikika mpaka Gazi, hata mbega wa Diani juu ya miti waka—

"Hakuitika," akasema Chirau. Ametema tambuu. "Hapakuwa na basi, hapakuwa na watu. Alinizunguka akapita. Andika hivyo."