Kualika kwa Mwili Unaouma

Kwa miaka sita nilikuwa mwongo wa mtaa. Ikija habari kwamba nyumba fulani ina harusi, na wanawake wanatakiwa asubuhi wakachague mchele na kumenya vitunguu, mimi nilikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam. Wageni hao hawakuwahi kushuka kwenye boti yoyote. Mara nilikuwa na kikao kazini, mara mtoto ana homa, na mtoto mwenyewe keshamaliza chuo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala chumbani, mwili mzima unaniuma kuanzia shingoni hadi nyayoni, na hata kisu nilishindwa kukikamata.

Sikusema naumwa kwa sababu zamani nilishasema, na haikunifaa kitu. Nilipimwa damu na mkojo, nikapigwa picha za mgongo na magoti, na kila karatasi ilirudi safi. Daktari mmoja aliniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Mwingine alinipa vidonge akaniambia nipunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni sukari ya chai. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja Mji Mkongwe, alinikanda kwa mafuta ya karafuu mwezi mzima. Alikuwa na nia njema, lakini kila akinibonyeza nilitaka kupiga ukelele. Alipoona sipati nafuu akachoka na mimi. Siku moja nilimsikia ukumbini akimwambia mgeni wake, "Hana kitu huyu. Kadekezwa kwao."

Nilikasirika siku tatu. Halafu nikaanza kujiuliza kama hasemi kweli, na hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuyaogopa maumivu yenyewe.

Ndipo binti yangu akaposwa.

Kwetu harusi hupikwa na mtaa. Mwenye shughuli hutoa mchele, nyama na viungo, na wanawake huja wenyewe na visu vyao na mbuzi zao za kukunia nazi. Lakini huja kwa yule aliyekuwa akienda kwao. Ukiwa huendi, hakuna atakayekutukana, hawatokei tu. Nilijiona nimebaki ukumbini na mavyaa na gunia la vitunguu, na watu wa bwana harusi wanachungulia. Binti yangu naye alishaliona hilo. "Mama, tukodi tu wapishi," aliniambia, huku anaangalia pembeni. "Siku hizi wengi wanafanya hivyo." Alivyojitahidi kunistahi ndivyo alivyonikata maini.

Siku chache baadaye mwenzangu wa kazini alinivuta kwa daktari mwingine, mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Nilikwenda shingo upande na bahasha yangu ya karatasi safi. Hakuifungua kwanza. Alinibonyeza mabega, viwiko na nyonga, taratibu, akinitazama usoni. Kisha akaniuliza, "Ukiamka asubuhi, unahisi umelala?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia kila siku naamka nimechoka kama niliyekesha nikitwanga.

Aliniambia nina fibromayaljia. Mishipa ya fahamu inayobeba maumivu, alisema, inayapaza kuliko inavyotakiwa, na ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake. "Vipimo vyako ni safi kwa sababu hauonekani humo. Si kwamba huumwi."

Nililia pale pale. Alinisubiri nimalize, kisha akanieleza kwamba dawa ya kuuondoa kabisa haipo; kuna vidonge vya kunisaidia, kuna kutembea kidogo kila siku, kuna kulala kwa saa zilezile na kuigawa kazi isinielemee kwa mara moja. Basi nimeambiwa sitapona, na nimetoka getini nacheka peke yangu. Mlinzi alinitazama sana.

Nyumbani nilimweleza mavyaa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Ala," akaingia chumbani kwake.

Ilibaki kualika. Mtu ukimwalika kwa ujumbe wa simu atakuja kula, hatakuja kumenya. Lazima mama wa bibi harusi avae buibui lake abishe hodi mwenyewe. Niliigawa milango kama daktari alivyonifundisha, minne kwa siku, na kila baada ya mlango napumzika barazani.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa jirani yangu, mtu mzima kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba yake kavu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza.

"Bi, wale wageni wangu wa Dar hawakuwepo," nilisema. "Nlikuwa nnaumwa. Nliona haya kusema, maana hakuna aliyeniamini."

"Sisi tukidhani unajiona. Tulipofiwa hukuja kunipikia hata uji. Iliniuma roho, wallahi."

"Niwie radhi."

"Ungesema," alinijibu, na sauti yake ikalainika. "Tungekuja sisi kwako."

Niliyasema yale yale kila mlango. Wengine walinikumbatia, na kumbatio lenyewe likaniuma, nikavumilia. Mmoja aliniambia inshallah ile ambayo sote tunajua maana yake ni hapana.

Siku ya vitunguu nilishuka ngazi upande upande, nimeshika ukuta, sithubutu kutazama chini. Nilizisikia mbuzi zinakuna kabla sijafika. Hawakuja wote, lakini ukumbi ulijaa hadi uani. Jirani yangu alinionyesha kiti, akanipa sinia la iliki nichambue, kazi ya vidole viwili.

Mgeni mmoja wa mtaa wa pili, mkono kiunoni, akauliza kwa sauti, "Mwenye shughuli ndo kakaa kitini?"

Nilifungua mdomo kujieleza. Mavyaa, aliyekuwa mkekani akimenya vitunguu thomu, alinitangulia.

"Anaumwa," alisema bila kuinua uso. "Miaka sita anaumwa, nami ndani ya nyumba moja nnamwita mvivu."