Mchezo wa Mpaka

Kila Jumapili jirani yetu hapa Mbugangari, mtaa wa mpakani, karani mstaafu, huchora mstari wa chaki katikati ya sebule yake, husafisha koo, kisha hutusimulia historia ya mchezo wake wa mpaka. Wakati wa Krismasi, alituambia, ulikuwa umeletwa na Wajerumani. Kufikia Pasaka ulikuwa wa wafalme. Sasa umeitangulia hata volkano iliyo jirani. Sheria yake ni moja: sisi wageni tunabaki upande wa makochi, sahani ya sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwani, iko upande wa meza, na anayetaka kuvuka humwomba yeye ruhusa. Hakatai kamwe. Hupapasa mfuko wa shati anamoweka kizibo cha chupa, ndio mhuri wake, hutazama dari, na kwa sauti laini, kama ofisa anayemsubiri mkubwa wake, husema, "Bon, ngoja kidogo, chef hayafika bado." Vidole vyake vyembamba vinachukua sambaza nyingine. Katika historia yote hiyo ndefu, hajatajwa mtu aliyevuka.

Jumapili iliyopita dada yake aliingia kutoka Goma, miguu imejaa vumbi, baada ya kushinda kutwa kwenye foleni ya Petite Barrière, kivuko cha mpaka. Jirani yetu, mchezo umemkolea, hakugeuka kuona ni nani. "Ngoja kidogo, mama, chef hayafika." Dada hakucheka. Alitua kikapu, akajipanga nyuma yetu, akatoa kitambulisho.

"Pulchérie, ni mi!" alisema jirani yetu, akifuta chaki haraka kwa soksi. Mstari ukaisha. Dada yake akabaki palepale, kitambulisho mkononi, akimngoja chef.