Kipande Nisichokizunguka

Wiki tatu. Nilisema wiki tatu, dada yangu akayaandika maneno hayo katika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wake mzuri, kisha tukafunga kwa sala.

Ulikuwa mwezi wa sita, katika ofisi ya chama cha wakulima wa mahindi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Dada yangu ndiye aliyekuwa karani wao, wa pekee. Mimi nilikaa Kitale, nikifagia saiba, duka la kompyuta za intaneti, na kulala chumba cha nyuma. Shule niliiacha kidato cha pili. Nimekuwa utingo, nimechoma matofali, nimeuza vitunguu mpakani Suam, na kila kazi iliponichosha niliondoka bila kuaga. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutonichosha. Kuandika programu nilijifunza katika kitabu kisicho na jalada ambacho mteja mmoja alikisahau. Dada aliposikia kamati inataka kompyuta, akawaambia, "Ndugu yangu ataweza." Wakamtazama yeye, si mimi.

Mwenyekiti alipanga vitabu vinne mezani: cha wanachama, cha mapokezi, cha stoo na cha malipo.

"Sasa fundi, hii yote kuingia kwa kompyuta ni siku ngapi? Na ni pesa ngapi?"

Nilihesabu vitabu. Siku tano kwa kila kitabu, jumla ishirini, nikaongeza moja ya kupumua. Nikazizidisha kwa ujira wa kibarua wa siku, nikapata bei.

"Siku ishirini na moja!" mwekahazina akacheka. "Ati kama kuku anaatamia, bana!"

Kwa kuwa nilikuwa nimesema, kamati ikakata vitabu vipya vya msimu kwenye bajeti. Dada aliinua macho kuniuliza kama nina hakika. Nilitikisa kichwa kukubali.

Nimelelewa kwenye mashamba makubwa ya Kitale, ambako palizi hugawanywa kwa vipande na unalipwa ukimaliza chako. Mama hakukubali kipande kabla ya kukizunguka chote, akichimbua udongo kwa kisigino kuona kama kuna sangari, ile nyasi ambayo mizizi yake haina mwisho. Mnyapara angefoka, yeye angezunguka tu. Mimi nilikubali shamba zima nikiwa nimesimama mlangoni.

Sangari ilianza kuonekana wiki ya nne. Nilimpigia dada kumuuliza mbona katika kitabu cha mapokezi cha msimu uliopita namba moja ya uanachama imeleta mahindi mara sita kwa siku moja.

"Mzee alikufa. Wake zake na wanawe wanaleta kwa namba yake, kila mtu na yake."

"Na kitabuni unawatenganishaje?"

"Kitabuni siwatenganishi. Nawajua kwa sura."

Nikabomoa nilichojenga, nikaanza upya. Nikagundua kwamba mahindi yenye unyevu hurudishwa kwenye turubai, yakapimwa tena jioni, hivyo gunia moja lina uzito wa aina mbili, na upi ni wa kweli inategemea nani aliyeyageuza juani. Hilo nalo lilikuwa kichwani mwa dada. Kila jibu lake lilinirudisha mwanzo. Na kila aliponiuliza imebaki muda gani, nilimwambia wiki mbili. Mwezi wa saba wiki mbili. Mwezi wa nane wiki mbili. Mwishowe nikawa naiacha simu ilie. Asubuhi moja nilisimama kando ya lori la kwenda Lodwar, begi begani, hadi likaondoka. Sijui kwa nini sikupanda.

Mavuno yakaingia. Vitabu hakuna, programu hakuna. Dada alipokea mahindi akiandika katika daftari za shule za mtoto wake, na foleni ikimtukana. Kamati ikaniita.

"Fundi," mwekahazina akaanza, "kuku ameshaangua mara tatu. Vifaranga wako wapi?"

Wote walicheka isipokuwa dada. Alikuwa ameshika kalamu.

"Imebaki siku ngapi?" mwenyekiti akauliza. "Sema mbele ya karani, maana ni yeye alikuleta."

Nilijua nikisema wiki mbili, kiti cha dada kitabaki chake kwa wiki mbili zaidi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sijui," nikasema. "Nipeni siku nne nikae kwa mizani, nione mahindi yanavyoingia, niwaulize wanaoyaleta. Siku ya tano nitawaambia. Na hata hapo sitataja siku moja, nitasema ikiwahi ni hivi, ikichelewa ni hivi."

"Si ni fundi huyu? Hajui nyumba yake mwenyewe!" mwekahazina akadakia.

Siku nne nilipewa. Kisha mwenyekiti akasema karani atoke ofisini, awe anapima magunia nje kwa malipo ya kutwa, mpaka hicho kitu kifanye kazi. Dada aliyaandika hayo mwenyewe, kwa mwandiko uleule.

Nje alijifunga leso kiunoni.

"Hiyo ‘sijui’ yako, ulikuwa nayo mwezi wa sita?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ukanificha."

Akaning'iniza gunia la kwanza kwenye ndoano ya mizani, akasoma uzito kwa sauti, akaacha mkono kwenye gunia, akingoja niandike.